Uchovu Si Uvivu



Pengine umemwona mtu wa namna hii: asubuhi alima vizuri, lakini ifikapo saa sita miguu yamlegea, macho yafifia, naye aomba kulala. Jioni hewa ikipoa, ainuka tena. Jirani husema, "Jua likiwaka augua, chakula kikiiva apona!" Wengine humpeleka kupigiwa ramli.

Msihukumu upesi. Uko ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi. Si wa kuambukiza, wala si wa kurogwa. Kwetu si mwingi kama Ulaya, lakini upo. Wataalamu wengine wadhani ndio uliomlaza kitandani miaka mingi Mtakatifu Lidwina wa Schiedam, Uholanzi, aliyefariki mwaka 1433. Basi si laana.

Askari wa mwili, watulindao na maradhi, hukosea wakautafuna utando wa mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Mshipa uliochunwa hupitisha habari kwa shida. Mwili ukipata joto kidogo tu, habari hukwama. Ukipoa, hupita tena.

Si kila mchovu ana ugonjwa huu; daktari ndiye awezaye kuupambanua. Dawa ya kuuondoa kabisa haijapatikana, ila ziko za kuupunguza mwendo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu katika orodha ya dawa za lazima. Nyumbani nako iko kazi:

1. Kazi nzito ifanywe alfajiri. Mgonjwa apumzike kabla ya kuishiwa nguvu.

2. Aoge maji yasiyo moto. Adhuhuri awekewe kitambaa chenye maji shingoni, wala asikae sana penye moto wa jikoni.

3. Asijinyime maji ya kunywa kwa kuogopa kwenda haja ndogo mara kwa mara.

4. Miguu ikikakamaa, inyoshwe polepole kila siku. Ikifa ganzi, ikaguliwe kila jioni, asije akaungua asijue.

5. Homa itibiwe mara moja. Udhaifu mpya ukipita siku nzima pasipo homa, aende hospitali.

Nawe mume, kumchotea mkeo maji mchana si aibu. Uliahidi mbele ya altare kumpenda akiwa mzima na akiwa mgonjwa. Hukusema, "isipokuwa jua likiwaka."

Karani wa Parokia