UCHAFU WA MTO NI MSHAHARA WETU ULIOIBWA

Ndugu wafanya kazi,

Yako maneno mawili yanayosemwa sana siku hizi, nasi twataka kuyajibu katika karatasi hii. La kwanza husemwa na matajiri: "Chagueni, kazi au mto safi. Vyote viwili hampati." La pili, na hili latuuma zaidi, husemwa na wanachama wenzetu mkutanoni: "Chama ni cha mishahara. Mambo ya miti na mito tuwaachie watalii na watu wa Karen." Maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. La kwanza ni uongo, na la pili ndilo linaloulinda uongo huo.

Tuanzie nyumbani. Mtaa wetu waitwa Ziwani, jina la maji. Jiji letu laitwa Nairobi, jina lililotoka kwa Wamaasai, na maana yake ni maji baridi. Reli ilipofika hapa mwaka 1899 ilikuta mto na kinamasi. Leo Ziwani iko katikati ya mito miwili. Kusini yetu ni Mto Nairobi, unaopita Kirinyaga Road na kuingia Gikomba. Kaskazini yetu ni Mto Mathare. Mwulize mtoto yeyote wa hapa mto una rangi gani, atakujibu: mweusi. Mtoto huyo hajui kwamba maji ya mto yaweza kuwa na rangi nyingine.

MTO HUUAWA NAMNA GANI

Mto haufi wenyewe. Maji safi yana hewa ndani yake, na hewa hiyo ndiyo samaki anayopumua. Maji ya choo na damu ya machinjioni yakiingia mtoni, vijidudu huanza kula uchafu huo, na katika kuula huimaliza ile hewa. Samaki wakikosa hewa hufa, na maji huanza kunuka. Huo ndio uchafu unaooza, na mto ukiachwa kwa muda waweza kuumeza na kupona.

Lakini uko uchafu mwingine usiooza. Madini ya risasi hayaozi. Oili ya gari hutanda juu ya maji na kuzuia hewa isiingie. Dawa za kiwandani hukaa katika tope la mto miaka na miaka, kisha huingia katika mizizi ya mboga zinazomwagiliwa kwa maji hayo. Mto Ngong wapita kando ya viwanda tunakofanya kazi mchana, nao huungana na Mto Nairobi huko chini. Kutoka hapo maji hayo huingia Mto Athi, yapita Ukambani, na mwisho huitwa Sabaki na kumwagika baharini karibu na Malindi. Kwa hiyo kinachomwagwa usiku kwa bomba la siri hapa Nairobi si siri tena. Mama wa Ukambani atakichota kwa ndoo.

NANI ALIPA?

Sasa twende kwenye hesabu, maana chama ni hesabu.

Kiwanda chenye maji machafu chatakiwa kuyasafisha kabla ya kuyatoa. Kazi hiyo yataka mashine, yataka dawa, yataka mtu wa kuisimamia, na yote hayo ni fedha. Tajiri asiyeyasafisha ameokoa fedha hizo. Je, gharama imetoweka? Hapana! Imehama tu. Imetoka katika daftari lake na kuingia mfukoni mwako.

Chukua karatasi uandike. Andika fedha ya dawa ya tumbo la mtoto. Andika siku ulizokosa kazi kwa homa ya matumbo, na siku hizo kibarua halipwi. Andika fedha ya mtungi wa maji uliyonunua kwa mkokoteni wakati mfereji umekauka. Andika makaa uliyochoma ili uyachemshe. Ukijumlisha utaona kwamba kila mwezi wamlipia tajiri mtambo ambao hakuununua. Nyongeza tuliyoipigania kwa miezi mingi mezani yachukuliwa mtoni kimyakimya, bila barua na bila sahihi.

Basi mtu asituambie kwamba mto si habari ya mishahara. Mto ndio mshahara wenyewe.

Na hao watu wa Karen? Mwenye uwezo mji ukikauka huchimba kisima chake, hununua maji kwa lori, huhamia penye hewa nzuri. Maji ya mfereji ya Nairobi, sehemu kubwa, yatoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, nalo hujazwa na mito ya msitu wa Aberdare. Msitu ukikatwa na bwawa likapungua, maji hugawanywa kwa zamu, na zamu ndefu ya ukame huwa ya mitaa yetu. Kwa hiyo msitu ni habari ya mwenye ndoo kabla haujawa habari ya mwenye kamera. Asiye na kisima ndiye anayehitaji msitu zaidi.

CHAMA HAKIJAANZA LEO

Wanaosema jambo hili ni geni katika chama hawajui habari za chama. Mwaka 1902 tauni iliingia Nairobi. Mji haukuwa na mitaro ya kutosha, watu walisongamana, na panya walijaa. Wakubwa walifanya nini? Waliichoma moto bazaa ya Wahindi. Kosa lilikuwa la mji usio na mitaro, adhabu ikaangukia nyumba za watu.

Mwaka 1950 Nairobi ilipopewa hati ya kuwa jiji, chama cha East African Trade Union Congress cha akina Fred Kubai na Makhan Singh kiliwaambia wafanya kazi wasishiriki sherehe zile. Kwa nini washangilie jiji ambalo heshima yake haikufika kwenye mitaa yao? Mwezi wa Mei mwaka huohuo viongozi hao wawili walikamatwa, na wafanya kazi wa Nairobi wakagoma.

Tena mnamkumbuka Tom Mboya kwa hotuba zake na kwa vyama alivyoviongoza. Kazi yake ilikuwa nini kabla ya hapo? Alikuwa Bwana Afya wa Baraza la Jiji la Nairobi, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1951. Kiongozi mkubwa wa wafanya kazi wa nchi hii alianzia kwenye ukaguzi wa usafi. Basi anayesema mitaro na maji si mambo ya chama na amwulize Mboya alisomea nini.

OWINO UHURU

Turudi sasa kwa neno la tajiri, "kazi au mto safi." Mfano wake uko Mombasa, na kila mwanachama aujue.

Katika kijiji cha Owino Uhuru, Changamwe, palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Kilifanya kazi hiyo kuanzia mwaka 2007. Wenyeji waliambiwa: hii ni kazi, furahini. Mama mmoja, Phyllis Omido, aliajiriwa ofisini hapo. Moja ya kazi alizopewa ilikuwa kusimamia ripoti ya kiwanda na mazingira yake. Ripoti ilisema kiwanda kisikae karibu na watu. Tajiri hakupendezwa, na mama huyo akaondolewa katika kazi hiyo. Kisha mtoto wake mchanga akaugua. Walipopima damu walikuta risasi. Sumu ya kiwandani ilikuwa imefika katika maziwa ya mama.

Hakunyamaza. Alipimisha watoto wengine, akaandamana na wenyeji, akakamatwa, na hakuacha. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua wenyeji walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitangua hukumu hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Sasa tazameni. Wafanya kazi wa Owino Uhuru walichagua kazi, kama walivyoambiwa. Kazi iko wapi? Imekwisha. Afya iko wapi? Imekwisha. Walioambiwa wachague moja wamekosa zote mbili. Kazi inayoua mahali inapokaa haina siku nyingi, na siku ikifungwa tajiri huondoka na faida, sisi hubaki na damu yenye madini.

Tusidhani ni Mombasa tu. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilipima watoto 328 wanaoishi karibu na jaa la Dandora, na nusu yao walikutwa na risasi katika damu kupita kiasi kilichokubaliwa wakati ule. Makao makuu ya dunia nzima ya shirika hilo yako Gigiri, katika jiji hilihili. Takataka za jiji lote huja upande wetu, na mikutano ya takataka hufanyika upande wao.

MGALA MUUE NA HAKI MPE

Watatujibu kwamba hata sisi twachafua. Ni kweli wako mafundi wa gereji wanaomwaga oili mtaroni, na wako wapangaji wanaotupa mifuko ya taka mtoni usiku. Chama hakiwatetei. Oili hiyo hailijui kabila wala cheo. Lakini tuulize swali la pili: pipa la oili liko wapi? Gari la taka hupita siku gani? Choo cha plot kimeunganishwa na bomba lipi? Mtu aliyenyimwa pipa, gari na bomba, kisha akaitwa mchafu, amedhulumiwa mara mbili. Fundi akatazwe, na pipa lije.

Angalieni tena dawa ya wakubwa. Mvua za Machi hadi Mei 2024 zilileta mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 200 katika nchi, na Mathare iliumia sana. Kilichofuata ni amri ya kuhama kwa waliokaa karibu na mito, na matingatinga yakaja Mathare na Mukuru mvua ingali ikinyesha. Hatusemi watu walale ndani ya njia ya maji. Mto una njia yake, na mwenye kujenga juu yake hujenga kaburi. Hata majumba ya matajiri, kama Ukay Centre ya Westlands na South End Mall, yalibomolewa kwa sababu hiyo Agosti 2018. Lakini mwenye jumba ana wakili na ana mahali pa kulala. Mwenye kibanda ana mabati yake tu, na mabati hayo yamekanyagwa. Kubomoa bila kuonyesha mahali pa kwenda ni ile dawa ya 1902: mto bado mchafu, na maskini hana nyumba.

SHERIA IKO, MIKONO IKO WAPI?

Ndugu, hatuombi hisani. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 chasema mtu aweza kwenda mahakamani juu ya haki hiyo bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka kila mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe ndani yake. Kamati ya kwenu iko wapi? Ilikutana lini?

Hakuna anayejua bomba la siri liko wapi kuliko mfanya kazi. Mkaguzi huja mchana kwa miadi, wewe uko pale usiku. Ndiyo sababu tajiri hujitahidi sana kukuambia kwamba mto si habari yako.

Basi tawi la Ziwani laleta haya mbele ya mkutano:

1. Kila mkataba mpya wa mishahara uwe na kifungu cha maji machafu, moshi na sumu, kama ulivyo na kifungu cha likizo.

2. Mfanya kazi atakayetoa habari ya bomba la siri asifukuzwe. Akifukuzwa, iwe ni shauri la chama zima, si lake peke yake.

3. Kiwanda kikilazimishwa kusafisha, au kikifungwa kwa uchafu, mishahara ya wafanya kazi iendelee wakati wa matengenezo. Kosa si lao.

4. Vijana wanaoajiriwa kusafisha mito, katika mpango ulioanzishwa na Serikali mwaka 2024 na mingine itakayofuata, wapewe buti, glavu na chanjo, na walipwe kwa wakati. Kuusafisha mto kwa mikono mitupu ni kuuhamishia uchafu mwilini.

5. Asihamishwe mtu kando ya mto kabla hajaonyeshwa mahali pa kukaa, na wanaochafua kutoka juu washughulikiwe kabla ya wanaochafuliwa huku chini.

Atakayepinga na asimame mkutanoni apinge, tutamsikiliza. Lakini aje na ile karatasi ya hesabu mkononi, aonyeshe kwamba hakulipa.

Mto ulikuwa hapa kabla ya reli, kabla ya Baraza, kabla ya kiwanda cha kwanza. Haukutuomba mshahara hata siku moja, na miaka yote ulitufanyia kazi. Mfanya kazi mwenzetu amepigwa. Chama kinaposikia mwenzake amepigwa, hufanya nini?

Umoja ni nguvu.

Kamati ya Tawi, Ziwani