Babu, Mjukuu na Jani la Mkonge

Katika shule zetu za sekondari mwanafunzi hufundishwa usanisinuru kwa mchoro mmoja: jua, jani la kijani, hewa ya ukaa iingiayo na oksijeni itokayo. Huambiwa kwamba stomata, yaani vile vitundu vidogo mno vilivyo katika ngozi ya jani, hufunguka mchana na kufungwa usiku. Huyaandika hayo katika mtihani na kupata alama zake. Kisha, kama anakaa Muheza au Korogwe, hurudi nyumbani akipita katikati ya mashamba makubwa ya mmea ambao desturi yake ni kinyume cha hayo. Jambo hili lanisumbua, na yafaa tulizungumze waziwazi, walimu na wanafunzi.

Mmea wenyewe ni mkonge. Uliletwa hapa mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, kutoka Florida, Marekani. Miche 62 tu ndiyo iliyosalia baada ya safari, ikapandwa upande wa Pangani. Nayo ikawa chimbuko la zao lililoiweka nchi yetu mbele ya nchi zote ulimwenguni katika biashara ya singa. Mwaka 1964 zilizalishwa takriban tani 230,000. Historia ya manamba waliosafirishwa kutoka mbali kuja kuukata inajulikana, nami sitairudia. Ninalotaka kusema juu ya watu hao ni jambo jingine: wazee waliobaki kati yao ni walimu ambao shule zetu hazijawatumia, na siku zao si nyingi.

Likizo iliyopita baba yangu, aliyekata mkonge tangu ujana wake hadi alipostaafu, alimchukua mwanangu wa kidato cha pili kwenda kutembea siku nzima katika shamba alilofanyia kazi. Mimi nilifuata nyuma nikisikiliza. Katika desturi zetu babu na mjukuu ni watani. Mtoto ambaye kwangu hujibu "Ndiyo, baba" na kunyamaza, kwa babu yake haoni haya kuuliza lolote, maana akichekwa naye atacheka.

"Babu, mbona hawakati majani yote wakamaliza?"

"Nikikunyang'anya mdomo utakulaje, mume mwenzangu?"

Kisha mzee akamwonyesha: majani yaliyoinama ndiyo hukatwa, yaliyosimama katikati huachwa, yasipungue ishirini. Mkataji aliyevuka kiwango hicho ili amalize haraka mizigo yake, majani 30 kila mzigo, alikuwa na kesi kwa nyapara. Mwalimu wa biolojia angehitaji kipindi kizima kueleza uhusiano wa eneo la majani na ukuaji wa mmea; mzee alitumia panga na dakika tano.

Ulikuwa wakati wa kiangazi. Majani ya kando ya njia yalikuwa yamekauka, na mahindi ya watu mpakani yamejikunja, lakini mikonge ilisimama imenona. Kijana akaligusa jani moja, akalitazama, akauliza, "Babu, huu unakunywa nini?"

"Hilo muulize baba yako," mzee akasema. "Mimi nilifundishwa kuukata. Yeye ndiye aliyepanda ndege kwenda kuusomea."

Nikamweleza. Jani likifungua stomata mchana ili livute hewa ya ukaa, hupoteza maji mengi kwa sababu ya joto na ukavu wa hewa. Mkonge huepuka hasara hiyo kwa kuvifunga vitundu vyake saa za jua na kuvifungua usiku, wakati wa ubaridi. Hewa ya ukaa inayoingia usiku haiwezi kutumika mara moja, kwa kuwa mwanga hakuna. Basi hubadilishwa kuwa asidi ya maliki na kuwekwa akiba ndani ya seli. Jua likichomoza vitundu hufungwa, asidi huvunjwa, hewa ya ukaa hutoka humo humo ndani ya jani, na usanisinuru huendelea mlango ukiwa umefungwa. Kwa hiyo maji ya jani la mkonge huwa na asidi nyingi zaidi alfajiri kuliko jioni.

Mambo haya mimi niliyasoma Ulaya, katika nyumba ya vioo yenye kupashwa moto, ambamo mmea mmoja wa jamii hii ulilelewa chunguni kama mtoto mgonjwa. Nilizaliwa penye mikonge isiyohesabika. Sioni sababu ya mwanangu, wala ya mtoto wa mtu yeyote, kusafiri umbali huo ili akutane na mmea wa nyumbani.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Kata kipande cha jani saa kumi na mbili alfajiri, na kipande kingine cha jani la rika hilo hilo, katika mmea huo huo, saa kumi jioni. Pima uzito ulio sawa, ponda, ongeza maji kwa kipimo kimoja, chuja. Tia matone mawili ya fenoftalini, kisha dondosha haidroksaidi ya sodiamu kutoka katika bureti hadi rangi ya waridi itokee na kubaki. Maji ya alfajiri yatadai zaidi. Vaeni glavu na miwani, kwani utomvu wa mkonge huwasha vibaya na ncha ya jani ni mwiba. Shule iliyo mbali na mkonge na itumie mnanasi, ambao una tabia hiyo hiyo, na jani la mahindi liwe la kulinganishia.

Wenzangu wengine husema muhtasari wa masomo umejaa, na mtihani hauulizi mkonge. Sikubaliani nao. Ziara ni ya siku moja, nayo haifuti ule mchoro wa kitabuni. Humwonyesha mwanafunzi mipaka yake. Wengine husema wazee hawajui kemia. Ni kweli, na yapo wanayoyaamini ambayo hayatasimama yakipimwa. Basi na yapimwe. Lakini mimi ningeanza na jibu. Swali la kijana yule lilizaliwa kwa sababu alikuwa na mtu asiyemwogopa, mbele ya kitu alichoweza kukishika.

Tulipofika korona alikuta jambo jingine la kumshangaza: katika kila kilo 100 za majani, singa kavu hazipati hata kilo 10; karibu zote zilizobaki ni maji na makapi. Mwaka 2008 mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi ya makapi hayo ulizinduliwa Hale. Hilo lataka makala yake.

Mzee naye aliondoka na swali lake. Alitaka kujua kama hibridi 11648, iliyotokana na kazi ya Amani na Mlingano, nayo yenye majani mengi kupita mkonge wa zamani, hujaza asidi kiasi kile kile usiku mmoja. Shule yoyote yenye bureti, iliyo jirani na shamba la hibridi, inaweza kumpimia kabla ya likizo ijayo.