Siyo Simu Iliyotunyang'anya Gari

Makamanda, mimi nimekulia Tunduma, kando ya barabara ya TANZAM. Utotoni tulishindana kutambua Scania kwa mlio tu, lori lenyewe halijatokea. Ndoto ilikuwa moja: uanze utingo, ujue ufundi, siku moja ukabidhiwe usukani.

Malori bado yapo, foleni ya kuvukia Nakonde unaijua. Ila pita kijiweni leo, kila mtu kainamia simu. Wazee wanasema vijana hatuna habari na magari, tumelewa mitandao. Hapana! Tunayaangalia magari kwenye simu kwa sababu ndiko pekee tunakoyafikia.

Piga hesabu. Ukiagiza gari la mtumba kutoka Japani, bei siyo mwisho, kuna kodi juu ya kodi. Likifikisha miaka 8, unaongezewa ushuru kwa sababu ya umri wake. Kijana wa bodaboda ya mkataba atazitoa wapi?

Haya, tukahamia kwenye simu. Mwaka 2021 wakatuletea tozo za miamala. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa. Aliyekuwa anauza nguo WhatsApp, duka lake likafungwa bila hata kufuli.

Kwa hiyo tusigombanishwe na wazee wetu. Gari halijapitwa na wakati, limetuzidi bei. Tudai vyote: ushuru unaolipika, mafunzo ya udereva na ufundi kwa vijana wa mpakani, na intaneti isiyozimwa. Usukani ni kazi, simu nayo ni kazi.

Nguvu ya umma!