Mwalimu wa Makobola asiulizwe kabila

Nafasi ya mwalimu ikipatikana Makobola, watu hawaulizi kwanza ana diploma gani. Wanauliza: ni mtu wa nani huyo? Mubembe, Muvira, Mufuliiru, Munyamulenge? Sasa husikika wanaotaka nafasi zigawanywe kwa kabila, kila mwombaji alete karatasi ya chefu yenye kuonyesha asili yake. Uchungu wao ni wa kweli, wamechoka kuona direkta anajaza shule ndugu zake. Lakini hatuwaungi mkono.

Katiba ya 2006, kipengele cha 13, inakataza kumbagua Mkongomani katika masomo na kazi za serikali kwa sababu ya kabila au ukoo. Shida ni kwamba sheria ya uraia ya 12 Novemba 2004 inamtambua Mkongomani wa asili kwa kabila, yaani makabila yaliyokuwa katika nchi hii wakati wa uhuru. Sheria moja inauliza kabila, nyingine inakataza lisiulizwe. Tumeona matokeo hapa kwetu: sheria ya 1972 iliwapa uraia watu waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya 1950, ile ya 1981 ikaufuta, na ugomvi haujaisha hadi leo. Sasa tuupeleke na shuleni?

India wanatumia karatasi hizo. Sehemu ya kazi za serikali, ualimu ukiwemo, imetengewa matabaka yaliyodharauliwa tangu zamani, na mwombaji analeta cheti cha tabaka lake. Wengi wamesaidika, hatukatai. Lakini vyeti vya uongo vilizaa kesi nyingi, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba mtu ambaye cheti chake kimekataliwa anapoteza kazi, hata kama ameifanya miaka mingi. Na wao wana kamati za kuchunguza vyeti. Sisi, ambao kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho chetu kwa miaka, tungekuwa na chefu na kashe yake tu. Mwenye kashe ndiye angekuwa mwajiri.

Tena nafasi hiyo inayogombaniwa mara nyingi haina hata mshahara. Mwalimu mpya anaweza kufundisha miaka bila namba ya DINACOPE, na tangu masomo ya msingi yawe bure Septemba 2019, mzazi hapaswi tena kumlipa.

Tunaomba ofisi ya masomo ya Fizi ibandike kwenye mlango wa kila shule majina ya walioomba kazi, diploma zao na sababu ya kuchagua aliyechaguliwa. Aliyeachwa apewe jibu la maandishi, ili akitaka kushitaki awe na kitu mkononi.