Upasuaji wa Kupunguza Uzito si Njia ya Mkato

Imani kwamba upasuaji wa kupunguza uzito ni njia ya mkato ya wenye fedha walioshindwa kujizuia mezani husikika Kagondo, wilayani Muleba mkoani Kagera, kama inavyosikika Dar es Salaam, nayo ina madhara, kwa kuwa humtia mgonjwa haya ya kutafuta tiba na kumfanya aliyekwisha kutibiwa adhani kazi imekwisha. Kagera, mkoa ambamo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983 na kukonda kukawa jambo la kutiliwa shaka, aibu hiyo ni nzito maradufu.

Kinachotibiwa hapa ni umetaboli, yaani jinsi mwili unavyokigeuza chakula kuwa nguvu na kuihifadhi. Tumbo linapokatwa na kubakizwa mfano wa mrija, au chakula kinapopitishwa kando ya sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, homoni za utumbo zinazochochea insulini na kutuliza njaa huongezeka, ndiyo maana sukari ya wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili hushuka katika siku chache, kabla uzito haujapungua sana. Utafiti wa Cleveland, Marekani, uliohusisha wagonjwa 150 na kutoa matokeo ya miaka 5 mwaka 2017, ulionyesha kwamba 29 kati ya kila 100 waliopitishiwa chakula kando walifikia kiwango cha sukari kilicholengwa, ilhali kwa waliotegemea dawa bila upasuaji walikuwa 5 tu. Tofauti kubwa namna hiyo haielezwi kwa uvivu wala ulafi wa mtu.

Hata hivyo, kisukari huweza kurudi: nchini Sweden, wagonjwa 72 kati ya kila 100 waliofanyiwa upasuaji waliondokewa nacho baada ya miaka 2, lakini 36 tu baada ya miaka 10. Mshono huweza kuvuja, damu ikaganda mishipani, na upungufu wa madini ya chuma, kalsiamu na vitamini B12 hudai virutubisho na vipimo vya damu maisha yote. Pombe nayo hupanda haraka zaidi, jambo la kutisha kweli mahali penye rubisi, pombe ya ndizi. Hata puto la tumboni linalowekwa katika hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, ambalo si upasuaji, huondolewa baada ya miezi kadhaa, na uzito huweza kurejea.

Kwa hiyo, kabla mgonjwa hajasafirishwa zaidi ya kilomita 1,300 hadi Dar es Salaam kukatwa tumbo, Serikali na wamiliki wa hospitali za Kagondo, Rubya na Ndolage wanapaswa kuhakikisha kwamba vipimo hivyo vya damu vinapatikana Muleba, kwa bei ambayo mkulima wa kahawa anaimudu mwaka baada ya mwaka.