Risasi Yako Inaacha Nini Ndani ya Nyama?

Neno "risasi" lina maana mbili katika lugha yetu. Risasi ni kile kitokacho katika bunduki. Risasi pia ni madini mazito, laini, yenye rangi ya kijivu. Jina ni moja kwa sababu risasi nyingi za bunduki zimetengenezwa kwa madini hayo. Na madini hayo ni sumu.

Katika wilaya za Handeni na Korogwe wako watu wenye bunduki na leseni ya kuwinda. Nguruwe mwitu na ngiri nao huharibu mahindi yetu, na wengine hupigwa risasi. Mnyama akianguka, nyama huingia chunguni. Mwindaji anapochagua risasi huuliza: Je, itamwangusha mnyama? Je, ni bei gani? Mimi nasema liko swali la tatu, tena kubwa zaidi: Je, itaacha nini ndani ya nyama?

Risasi huenda kwa kasi sana. Ikigonga mfupa wa pofu au wa ngiri, hupasuka. Vipande vingine ni vidogo kuliko punje ya chumvi. Jicho halivioni, wala jino halivisikii. Picha za eksirei zimeonyesha vipande hivyo mbali na jeraha, hata kupita shubiri moja. Marisau nayo hubaki ndani ya nyama. Wako pia watu wanaoyeyusha madini ya betri za gari ili wapate marisau ya gobore. Hao hujidhuru mara mbili, kwani huvuta moshi wa sumu, kisha huila.

Kupika hakuondoi sumu hii. Hata kukausha nyama hakuiondoi. Ndimu, siki na ukwaju huyeyusha madini hayo zaidi, yakaingia katika mchuzi.

Mtoto hudhurika kuliko mtu mzima. Sumu hii hupunguza damu, huleta maumivu ya tumbo na kufunga choo. Baya zaidi, huharibu ubongo unaokua. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha madini haya kinachojulikana kuwa salama.

Wengine husema, "Wazee wetu walikula nyama ya bunduki, na hawakufa." Mimi sikubaliani nao. Sumu hii haiui haraka kama ya nyoka. Mtoto anaweza kucheza vizuri, lakini darasani hashiki masomo. Mzazi atamwita mvivu, na jirani atasema amerogwa. Bila kupima damu katika maabara yenye kipimo hicho, hakuna atakayejua.

Tazameni majirani zetu wa Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitoa sumu hiyo hiyo. Watu waliugua, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia. Huko Marekani, jimbo la California lilipiga marufuku kuwinda kwa risasi za madini haya tangu mwezi Julai 2019. Ndege wakubwa wala mizoga walikuwa wakifa kwa kula mabaki ya wanyama waliopigwa risasi.

Basi tufanye nini?

Kwanza, mwenye leseni anunue risasi ya shaba tupu. Shaba hutanuka ndani ya mnyama, lakini haisambaratiki ovyo. Tahadhari: risasi nyingi zina ganda la shaba kwa nje, lakini ndani ni madini ya sumu. Muulize muuzaji, "Ndani kuna nini?" Ni kweli kwamba risasi ya shaba mara nyingi ina bei zaidi. Lakini mnyama mmoja humwangusha kwa risasi moja au mbili tu, na nyama yake hulisha watu wengi. Ukibadili risasi, jaribu shabaha yako kwanza kabla ya kwenda porini.

Pili, kama huna risasi ya shaba, lenga kifua, nyuma ya bega. Usipige paja. Utaharibu nyama nyingi.

Tatu, kata nyama yote iliyozunguka jeraha, shubiri moja na zaidi kila upande. Ifukie shimoni. Usiwape mbwa wala kuku.

Nne, watoto wadogo na wajawazito wasile kabisa nyama iliyopigwa kwa risasi ya madini hayo. Wapeni maharage, dagaa au mayai.

Akina mama, bunduki ni ya mwindaji, lakini chungu ni chenu. Nyama ikiletwa nyumbani, ulizeni kabla ya kuwasha moto: "Mnyama huyu amepigwa kwa risasi gani?" Kuuliza si kumdharau baba wa nyumba. Ni kulinda akili za watoto wake.