Gesi Haiishi Kama Mafuta ya Taa

Kuna maneno mawili ninayoyachukia kuliko matusi, nayo ni "gesi imekwisha". Friji yako ikiacha kugandisha barafu, au kiyoyozi kikianza kutoa upepo wa moto, mwite fundi, awe wa Manundu hapa Korogwe au wa Chanika kule Handeni. Aghalabu hatakuuliza swali hata moja. Atagusa bomba kwa kidole, atatikisa kichwa kama tabibu aliyekata tamaa, kisha atatoa hukumu: "Mzee, gesi imekwisha." Utalipa, ataongeza gesi, mashine itapoa, nawe utamsifu. Baada ya miezi michache utamwita tena, naye atakwambia yale yale.

Nasema wazi kwamba kauli hiyo ni uongo. Baadhi ya wanaoitamka hawajui kuwa ni uongo. Wengine wanajua vizuri sana, na ndio maana wanaitamka.

Gesi ya kupoozea si mafuta ya taa yanayoungua katika kibatari. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa pande zote. Kompresa huibana hata ikawa ya moto. Kondensa huiondolea joto hilo, ikageuka kuwa kimiminika. Kimiminika hicho hupenyezwa katika tundu jembamba, shinikizo likashuka ghafla, kikachemka na kurudi kuwa gesi, na katika kuchemka huko ndiko hunyonya joto la chumba. Kisha gesi hurudi kwenye kompresa, na safari huanza upya. Hakuna mahali popote katika mzunguko huo ambapo gesi huliwa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, gesi ikipungua imevuja, na kama imevuja pana tundu. Kuongeza gesi pasipo kulitafuta tundu ni kuteka maji kwa pakacha.

Watu wa Handeni watanielewa upesi. Mradi wa maji wa HTM, uliojengwa miaka ya 1970, ulikusudiwa kuyatoa maji ya Mto Pangani huku Korogwe na kuyasukuma hadi kwao. Bomba la Handeni linapokauka, mwananchi hasemi kwamba Mto Pangani umekwisha. Huuliza: je, pampu imesimama? Umeme umekatika? Au bomba limepasuka njiani? Mtu asiyeingia darasani hata siku moja huuliza maswali hayo, tena kwa mpangilio mzuri. Mbona basi akili hiyo tunaiacha mlangoni tunapomkaribisha fundi wa friji sebuleni?

Ubaya wa desturi hii huonekana zaidi baharini. Jahazi halihitaji kiyoyozi, kwa kuwa upepo unaolisukuma ndio unaompoza abiria. Lakini boti za kisasa ziendazo kasi zina vyumba vilivyofungwa kwa vioo, na kiyoyozi kikishindwa, chumba hugeuka tanuri. Miaka kadhaa iliyopita nilipanda boti moja, ambayo sitaitaja jina, kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Kabla haijang'oa nanga, hewa ya chumbani ilikuwa ya moto, watoto wanalia, na bibi mmoja amelegea kitini huku mjukuu wake akimpepea kwa kanga. Akaitwa fundi kutoka nchi kavu. Alipanda na mtungi wa gesi begani. Tazama jambo hilo kwa makini: alikuwa amebeba jibu kabla hajasikia swali.

Kijana mmoja wa chumba cha injini akamwambia, "Subiri kidogo, kaka." Akaenda ubavuni, akainama, akatazama chini. Akarudi, akafunua kifuniko cha sakafu, akafunga valvu ya maji, akafungua chujio. Ndani yake mlikuwa na mwani na kipande cha mfuko wa nailoni. Alisafisha, akafunga, akafungua valvu, akawasha. Haikupita robo saa, chumba kikaanza kupoa. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kijana yule aliinama.

Kwa nini alitazama ubavuni? Kiyoyozi cha nyumbani hutupa joto lake hewani, nje ya ukuta. Cha boti, mara nyingi, hulitupa baharini: pampu huvuta maji ya chumvi kupitia tundu lililo chini ya boti, maji hupita katika chujio, huizunguka kondensa, kisha hutoka ubavuni yakiwa yamebeba joto. Yasipotoka, au yakichuruzika kama ya birika, ugonjwa umekwisha kujulikana upande uliko. Hapo hutazamwa chujio, kisha pampu kama imeingiwa na hewa, kwa kuwa nyingi za pampu hizo haziwezi kuvuta maji zikiwa na hewa tumboni. Baada ya hapo hutazamwa mabomba kama yamezibwa na chaza au chumvi iliyoganda. Maji yakiwa yanatoka vizuri, ndipo mtu ahamie chumbani kutazama chujio la hewa lililojaa vumbi, na apime umeme wa jenereta kama una nguvu ya kutosha. Gesi ni ya mwisho katika orodha.

Na lau gesi ile ingeongezwa? Kondensa isiyopata maji haiwezi kutoa joto, na shinikizo ndani yake hupanda mno. Mashine nyingi zina swichi ya kuzizima shinikizo likizidi, nayo ni ulinzi, si ugonjwa. Kuongeza gesi hapo ni kuongeza shinikizo juu ya shinikizo. Tiba ya namna hiyo yaweza kuua kompresa, na mwenye boti angeambiwa anunue mpya. Bila shaka angeuziwa na mtu yule yule.

Wako watakaonijibu kwamba mafundi wetu ni maskini, hawana geji wala vipimo, na wateja wana haraka. Hoja hiyo nimeisikia nami naiheshimu, lakini haitoshi. Kutazama ubavu wa boti kunahitaji macho. Tundu la bomba mara nyingi huonekana kwa povu la sabuni na sifongo: pakaa kwenye maungio, ngoja, tazama panapotoa mapovu. Sabuni haikosekani katika duka lolote kati ya Segera na Mkata. Na huyo mteja mwenye haraka apige hesabu: akilipia gesi mara tatu kwa mwaka, angeweza kulipia tundu kuzibwa mara moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu anaujenga ukuta kila msimu, na ufa bado upo.

Tena hasara haiishii mfukoni. Chanjo nyingi za watoto zinazotunzwa katika zahanati zetu za vijijini hutakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Friji iliyoongezwa gesi bila kuzibwa tundu itapoa leo mbele ya mganga, na baada ya wiki kadhaa itaanza kupanda joto polepole, pengine usiku, pengine Jumapili. Chanjo iliyoharibika kwa joto haitoi harufu kama maziwa. Mama atatembea toka kitongoji cha mbali na mtoto mgongoni, mtoto atalia kwa sindano, kadi itaandikwa, na kumbe kilichoingia mwilini hakina kinga. Nani atamshitaki fundi yule? Hakuna, kwa sababu hakuna atakayejua.

Hata anga linadhulumiwa. Gesi ya R-22 ni miongoni mwa gesi ziharibuzo tabaka la ozoni, na ni kwa ajili ya kuzidhibiti gesi ziharibuzo ozoni mataifa yaliweka Itifaki ya Montreal mwaka 1987, ambayo Tanzania iliingia mwaka 1993. Gesi zilizokuja badala yake, kama R-134a na R-410A, haziigusi ozoni, bali huipasha dunia joto kupita kiasi: kilo 1 ya R-410A ikivuja hufanya kazi ya takriban tani 2 za hewa ya ukaa katika miaka 100. Mwezi Oktoba 2016 mataifa yalikutana jirani zetu hapa, Kigali, yakakubaliana kuzipunguza hizo nazo. Wakubwa wanatia sahihi Kigali, na fundi anaachia mtungi uvujie hewani Korogwe. Sahihi peke yake haizibi tundu.

Mzizi wa jambo hili uko shuleni, nami nasema hivyo nikiwa mtu niliyetumia umri wangu kufundisha walimu. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka elimu imjengee mtoto akili ya kudadisi. Tumebaki na kinyume chake: mtoto anayesifiwa ni yule anyooshaye kidole wa kwanza, na anayesema "ngoja nitazame" huitwa mzito. Tukishamlea hivyo miaka saba au kumi na moja, tunashangaa kumwona ukubwani akipanda boti na jibu begani. Huyo ni mwanafunzi aliyefuzu vizuri sana somo tulilomfundisha.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. La kwanza nawadai wakuu wa vyuo vya ufundi, vya VETA na vya watu binafsi: katika mtihani wa majokofu na viyoyozi, mtahiniwa apewe mashine iliyofichwa hitilafu, na alama nyingi zitolewe kwa jinsi alivyoitafuta, hatua kwa hatua, si kwa wepesi wa kufungua mtungi. La pili nakudai wewe msomaji, maana fedha ni zako. Fundi akikwambia gesi imekwisha, mwulize kwa adabu, "Imetokea wapi?" Asipokuonyesha mahali, mpe nauli, mshukuru, na mtungi wake aondoke nao.